Uzito Utangulie, Mguu Ufuate: Mwongozo Kamili wa Mizani ya Mwili kwa Wazee wa Lamu

Kosa linalorudiwa ni lile lile. Mzee huambiwa asimame kwa mguu mmoja. Hushika ukuta, huinua mguu, hupepesuka, huurudisha chini haraka, kisha husema, "Mizani yangu imeisha." Haijaisha. Ameinua mguu ambao bado umebeba nusu ya uzito wake. Mguu wenye mzigo hauinuki, hung'olewa, na ukishang'olewa mwili huangukia upande ule ule uliokosa nguzo.

Kwa hiyo hapa hatuanzi na mguu mmoja. Tunaanza na jambo ambalo wengi hulipita: kujua uzito wako umelala wapi juu ya nyayo, kisha kuuhamisha kwa hiari yako, na hapo tu ndipo mguu uinuliwe. Mwongozo ni wa mtu wa miaka 60 na zaidi anayetembea mwenyewe, hata kama ni kwa bakora, na wa kijana wa nyumbani atakayesimama karibu naye.

Kuna dhana moja ya kuondoa mapema: "Natembea kila siku sokoni na msikitini, yanitosha." Haitoshi. Kutembea kunafaa moyo na mapafu, lakini mwili hurudia mwendo uliouzoea, tena wa mbele tu. Watu huanguka wakigeuka, wakipisha, wakiinuka, wakirudi nyuma, wakishuka. Hayo ndiyo yanayotaka mafunzo.

## Nani aonane na daktari kwanza

Usianze bila ushauri wa daktari au mtaalamu wa fiziotherapia ikiwa umeanguka mara mbili au zaidi mwaka huu, umewahi kuzimia, umepata kiharusi, umevunjika mfupa hivi karibuni, au unapata kisunzi kila unapogeuza kichwa kitandani. Kisunzi hicho cha kugeuka mara nyingi hutoka kwenye sikio la ndani na kina tiba yake. Mazoezi haya pekee hayatakiondoa.

Wenye presha wapimwe kwa namna hii. Lala dakika 5, pima. Simama, pima tena baada ya dakika 1, kisha baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, damu haikufuati ukisimama. Peleka namba hizo kwa daktari pamoja na dawa zako zote ndani ya mfuko mmoja, za usingizi zikiwemo. Usiache dawa kwa uamuzi wako.

Wenye kisukari waangalie nyayo kila siku. Unyayo wenye ganzi haukupi habari sahihi kuhusu sakafu, na kidonda chake hukioni mpaka kimeoza.

## Vifaa

Kiti cha mbao chenye mgongo, kimo cha kukalia sentimita 43 hadi 45. Cha plastiki hakifai, miguu yake hutanuka na kuteleza juu ya saruji. Baraza ya nyumbani yenye kimo hicho ni bora kwa mazoezi ya kuinuka, maana haisogei.

Kona ya chumba. Hapa ndipo pa usalama. Simama mgongo ukielekea kona, pengo la kiganja kimoja tu kati yako na kuta, na kiti mbele yako, mgongo wake ukikuelekea. Ukiyumba nyuma au ubavuni ukuta unakupokea. Mbele kuna kiti. Kiti kitiwe uzito kisisogee: mtu aketi juu yake, au uweke mfuko wa mchele wa kilo 10.

Chaki, ya kuchora mstari wa mita 3 sakafuni. Saa au simu ya kuhesabu sekunde. Daftari. Ukanda wa gazeti wa upana wa vidole vitatu. Kipande cha godoro la sponji, kwa hatua za baadaye tu.

Ukiweza kuazima mizani mbili za sakafuni zinazofanana, hizi za kupimia kilo, chukua. Si lazima, lakini hakuna kifaa kinachosema kweli kama hizo.

Kuhusu nguo: pindo la dera, kanzu au kikoi liishie juu ya kifundo cha mguu. Likunje au lifunge. Kandambili zivuliwe, kwa sababu vidole huhangaika kuzishika badala ya kushika sakafu. Miguu mitupu juu ya sakafu kavu ndiyo bora, isipokuwa kwa mwenye ganzi: huyo avae viatu vya kufunika, soli nyembamba na tambarare. Na kama mitalawanda, viatu vya mbao, bado ipo msalani kwako, iondoe leo kabla hujasoma zaidi.

## Jipime kwanza

Andika namba hizi daftarini na tarehe yake. Bila hizo, baada ya mwezi utabaki kukisia.

Kuinuka kitini kwa sekunde 30. Kiti ukutani, mikono imekunjwa kifuani, hesabu mara ngapi unasimama wima kabisa. Kama huwezi bila kusukuma kwa mikono, andika sifuri, si aibu. Kipimo hiki hutumiwa na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, na chini ya namba hizi hatari ya kuanguka huhesabiwa kuwa imepanda:

- Miaka 60–64: mwanamume 14, mwanamke 12
- Miaka 65–69: 12 na 11
- Miaka 70–74: 12 na 10
- Miaka 75–79: 11 na 10
- Miaka 80–84: 10 na 9
- Miaka 85–89: 8 na 8

Misimamo minne. Ndani ya kona, kila mmoja sekunde 10, macho wazi: nyayo zimegusana ubavu kwa ubavu, mguu mmoja umesogea mbele nusu unyayo, kisigino kimegusa vidole vya mguu wa nyuma katika mstari mmoja, na mwisho kusimama kwa mguu mmoja. Andika ule uliokushinda na uishie hapo. Anayeshindwa kukaa sekunde 10 katika msimamo wa tatu ana hatari kubwa zaidi ya kuanguka, na asikimbilie hatua ya 4.

## Hatua ya 1: Jua uzito ulipo (wiki ya kwanza)

Mwili hujizuia kwa habari kutoka sehemu tatu: macho, sikio la ndani, na nyayo pamoja na maungio. Umri ukienda, wengi huegemea macho na kusahau nyayo. Ndiyo maana umeme ukikatika ghafla mtu huhisi sakafu imehama.

1. Simama ndani ya kona, nyayo zikiachana kwa upana wa nyonga, vidole vya mikono vikigusa mgongo wa kiti.
2. Tazama kitu kisichosogea kilicho usawa wa macho, kwa mfano shubaka la ukutani. Usitazame miguu. Kichwa kikiinama, uzito huenda nacho.
3. Kwa kila unyayo tafuta pembe tatu: chini ya kidole gumba, chini ya kidole kidogo, na kisigino. Jiulize ipi inabonyea zaidi.
4. Jaribu kuinua vidole vyote vya miguu bila kusogeza mwili. Vikiinuka kirahisi mno, umekalia visigino. Vikikataa, au vimejikunja kama vinang'ang'ania sakafu, umeelemea mbele.
5. Sogea polepole mpaka pembe zote tatu zibonyee. Uzito utakuwa katikati ya unyayo, mbele kidogo ya kifundo cha mguu.
6. Kaa hapo sekunde 30, ukipumua na kuhesabu kwa sauti. Rudia mara 5.

Kuhesabu kwa sauti si mapambo. Anayejikaza hubana pumzi, na pumzi ikibanwa presha hupanda. Anayehesabu hawezi kubana pumzi.

Mwenye hofu ya kuanguka mara nyingi hukalia visigino akidhani ndiko kwenye usalama. Kumbe nyuma ndiko kubaya: unyayo ni mfupi upande huo, vidole havipo, na anayeanguka nyuma haoni anakoangukia.

Mwenye mizani mbili aziweke pamoja, apande akiwa ameshika kiti, kisha aachilie na msaidizi asome. Mtu wa kilo 68 anatarajia 34 na 34. Tofauti ya kilo 2 au 3 haina neno. Lakini 40 na 28 maana yake kuna goti, nyonga au mazoea yanayosukuma kazi yote upande mmoja, na mwenyewe kwa kawaida huapa kwamba amesimama sawa. Arekebishe huku msaidizi akimsomea, kisha atulize akili, macho yakiwa wazi, na akariri jinsi usawa huo *unavyohisika*. Siku za mwanzo usawa wa kweli utahisika kama upogo.

Asiye na mizani aende ufukweni Shela maji yakiwa yamekupwa, asimame sekunde 30 kwenye mchanga mbichi ulioshikamana, akiwa ameshikwa mkono, kisha asogee na atazame alama. Kisigino kilichozama kuliko vidole, au unyayo mmoja uliozama kuliko mwenzake, unasomeka waziwazi.

*Umefaulu* ukiweza kutaja, macho mbele, uzito uko wapi, na msaidizi akitazama vidole au mizani akaona ni kweli.

## Hatua ya 2: Uhamishe uzito (wiki ya pili na ya tatu)

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo. Ikikushinda, zinazofuata zote zitakushinda.

Kulia na kushoto. Mikono miwili juu ya kiti. Sukuma *nyonga* kuelekea kulia mpaka iwe juu ya unyayo wa kulia. Mabega yabaki yamelingana. Hesabu 5. Rudi katikati, simama kidogo, nenda kushoto. Mara 10 kila upande.

Linaloharibika hapa ni bega kutangulia. Mtu hulaza kichwa na bega kulia, nyonga ikabaki pale pale, naye akaamini amehama. Msaidizi amtazame kutoka mbele: mstari wa mabega ukiinama, hajahama, ameinama tu.

Kuna kipimo kisichodanganywa. Kabla ya kuanza, weka ukanda wa gazeti chini ya vidole vya mguu wa kushoto. Mzee ahamie kulia, mikono yote miwili ikiwa imeshika kiti. Msaidizi auvute ukanda polepole. Ukitoka mzima, mguu umekuwa mwepesi. Ukikwama au kuchanika, bado kuna mzigo juu yake. Ukishatoka uokote: karatasi haibaki sakafuni hata dakika moja.

Mbele na nyuma. Mwili uende mzima mzima kama ubao wa mlango, ukipindia kwenye vifundo vya miguu, si kiunoni. Mbele mpaka visigino vikaribie kuinuka. Nyuma mpaka vidole vikaribie kuinuka. Visiinuke. Mwendo ni wa sentimita chache tu. Mara 10.

Saa. Ukishazoea pande nne, fikiria umesimama katikati ya uso wa saa. Mbele yako ni saa sita, kulia saa tisa, nyuma saa kumi na mbili, kushoto saa tatu. Msaidizi ataje saa yoyote, wewe upeleke uzito huko na urudi katikati. Wazee hulipenda zoezi hili, hasa msaidizi akiwa mjukuu ambaye bado anajifunza kusoma saa, na mabishano yakaanza.

Nguvu ya kushikilia. Inuka kwa vidole, hesabu 3, shuka taratibu: mara 10. Kisha inua vidole ukisimama kwa visigino: mara 10, mgongo ukiwa karibu na ukuta. Misuli ya shavu la mguu na ile ya mbele ya muundi ndiyo breki za mwili. Zikilegea, unajua unaanguka lakini huna cha kuzuia.

Mikono ipunguzwe kwa daraja: viganja viwili, kiganja kimoja, vidole viwili, kidole kimoja, hakuna. Tazama kucha ya kidole kinachogusa kiti. Ikigeuka nyeupe, hujagusa, umeegemea. Rudi daraja moja nyuma.

*Umefaulu* ukanda wa gazeti ukitoka mzima mara 5 mfululizo kila upande.

## Hatua ya 3: Kuketi na kuinuka

1. Sogea mpaka ukingo wa kiti au baraza.
2. Rudisha nyayo nyuma kidogo ya magoti.
3. Inama mbele kutoka nyonga mpaka pua ipite usawa wa vidole vya miguu. Uzito uondoke makalioni uje nyayoni *kabla* ya kusimama.
4. Bonyeza sakafu, simama, hesabu 2.
5. Shuka kwa kuhesabu 4. Usijitupe.

Fanya seti 2 za mara 5, uongeze moja moja mpaka 10. Anayerudi kitini puu! kila akijaribu kusimama kwa kawaida ana nyayo zilizotangulia mbele mno, au anaogopa kuinama. Hana haja ya kuvutwa mikono. Kumvuta mzee mikono humfundisha kukuegemea, na bega lake linaweza kuumia.

Goti likiuma, inua kimo cha kiti kwa mto mgumu, upunguze baadaye. Anayetoka kwenye mbuzi ya kukunia nazi anainuka kutoka kimo cha chini mno. Huyo aifikie kazi hiyo mwisho kabisa, na kwa sasa awaachie wengine wakune.

*Umefaulu* ukikaa bila sauti ya kishindo.

## Hatua ya 4: Punguza msingi

Rudi kwenye misimamo minne, lakini sasa kila mmoja hutanguliwa na kuhama kwa uzito. Anza na ule uliokushinda mwanzo. Sekunde 10, mara 5, kila upande.

Kwa mguu mmoja taratibu ni hii, wala usiruke neno: hamisha nyonga, subiri mguu wa pili uwe mwepesi, inua *kisigino* tu, hesabu 3, kisha vidole, sentimita 2 juu ya sakafu zinatosha. Goti la mguu uliosimama lisikazwe kama mti, liachie kidogo. Sekunde 10 ni lengo la kutosha kwa wengi. Nyonga ya upande ulioinuliwa ikidondoka, teremsha mguu, urudi hatua ya 2 siku hiyo.

Ugumu huongezwa kimoja kimoja. Kwanza geuza kichwa polepole kulia na kushoto. Kisha simama juu ya sponji. Kufumba macho kuje mwisho, nyayo zikiwa sambamba, ndani ya kona, msaidizi akiwepo. Mwenye ganzi ya nyayo asifumbe macho kabisa: macho ndiyo yanayofanya kazi ya nyayo zake.

## Hatua ya 5: Mwendo

Kando ya ukuta, juu ya mstari wa mita 3:

- Kwenda upande hatua 10, kurudi hatua 10. Miguu isipishane.
- Kisigino kwa kidole, hatua 10, mkono ukipapasa ukuta.
- Kurudi nyuma hatua 5. Vidole viguse kwanza, kisigino kifuate.
- Kuvuka kizuizi cha kimo cha sentimita 5, baadaye 15. Matandiko yaliyokunjwa ni bora kuliko ubao, maana hayamuumizi anayejikwaa.
- Kugeuka nyuma kwa hatua ndogo 4 au 5. Usizunguke juu ya unyayo mmoja. Nyonga huvunjika katika mageuko ya namna hiyo.

Ikishakuwa rahisi, ipe akili kazi nyingine. Beba kikombe cha maji nusu, au taja vijiji vya kisiwa cha Pate huku ukitembea: Siyu, Faza, Kizingitini, endelea. Ukisimama ili ukumbuke, mwendo wako bado unahitaji akili yako yote, na barabarani hutaachiwa akili hiyo.

Hatua ya kuokoa. Hili ni la waliomaliza yote ya juu. Elekea ukuta, umbali wa mkono mmoja na nusu, msaidizi ubavuni. Egemea mbele mzima mzima mpaka mguu utoke wenyewe kukudaka. Hatua iwe moja, ndefu, ya haraka. Anayepiga vihatua vidogo vitatu vinne bado yuko katikati ya kuanguka. Mara 5 kila mguu.

## Hatua ya 6: Toka nje, mji ndio uwanja

Ngazi. Vidato vya nyumba za kale havilingani, na nyingi hazina pa kushika. Anayetoka kwenye jua la kichochoro asimame dakani, yaani ukumbi wa mlangoni, ahesabu hadi 30 kabla ya kupanda. Macho ya mzee huchelewa kuzoea giza. Kupanda, mguu wenye nguvu hutangulia. Kushuka, mguu dhaifu hutangulia pamoja na bakora. Unyayo wote uwe juu ya kidato, kisha uzito uhame, kisha mguu wa pili. Mwambie fundi apigilie mshikio wa mbao kimo cha sentimita 85 hadi 90. Kamba haifai, huyumba nawe. Ukingo wa kidato cha kwanza na cha mwisho upakwe mstari mweupe wa sentimita 5: mguu mara nyingi hukosea pale mtu anapodhani ngazi zimeisha.

Bakora. Ishikwe mkono wa upande *mzima*, si upande wa goti bovu. Mkono ukining'inia, kishikio kifike kwenye kifundo cha mkono. Chini iwe na mpira, ukilika, badilisha.

Punda. Ukisikia kwato nyuma yako usigeuze kichwa kwanza. Weka kiganja ukutani, hamisha uzito kwenye mguu ulio karibu na ukuta, vuta wa pili, ndipo utazame. Pakiwa na baraza, keti. Mzigo wa punda hupita kwa upana kuliko punda mwenyewe.

Mashua. Muulize nahodha maji yako wapi, na ukiweza safiri yakiwa yamejaa. Yakikupwa utalazimika kukanyaga ngazi za gati za chini, zenye utelezi wa kijani. Kapu litangulie, usivuke nalo mkononi. Mashua iwe imefungwa. Mshikane na baharia kwa vifundo vya mikono, si kwa vidole, maana vidole vyenye maji huchomoka. Subiri chombo kiinuke usawa wa gati, weka mguu katikati, juu ya mkuku (uti wa chini wa chombo), si ubavuni. Peleka uzito wote, leta mguu wa pili, keti hapo hapo. Baya kuliko yote ni kusimama mguu mmoja gatini na mmoja chomboni huku ukiagana na watu. Nyumbani jizoeze kwa kukanyaga kutoka sakafuni kwenda juu ya sponji na kurudi, mara 10.

Msalani. Sakafu ikaushwe kila baada ya kuoga, sabuni iwe kimo cha mkono, na taa iwake usiku kucha. Anayeamka kwa ajili ya alfajiri au daku aketi ukingoni mwa kitanda dakika 1, apige vifundo vya miguu juu chini mara 10, ndipo asimame.

## Hatua ya 7: Kushuka sakafuni na kuinuka

Jifunze hili ukiwa mzima, mkeka ukiwa chini na kiti kikiwa karibu. Geuka ubavu. Sukuma kwa mikono mpaka magoti na viganja. Tambaa hadi kwenye kiti. Viganja juu ya kiti, mguu wenye nguvu mbele, unyayo wote chini. Peleka uzito mbele juu ya unyayo huo, sukuma, geuka, keti. Anayeswali kwa kusujudu tayari anajua sehemu kubwa ya mwendo huu. Linaloongezwa ni kiti na mguu uliotangulia.

## Ratiba

Siku 3 kwa wiki kwa uchache, dakika 20 hadi 30. Siku hizo 3 ndizo Shirika la Afya Duniani linazopendekeza kwa wenye miaka 65 na zaidi. Asubuhi kabla ya jua kali ni bora. Ramadhani, fanya baada ya futari mwili ukishapata maji, si alasiri. Jipime upya kila wiki 4. Ukikosa wiki mbili, rudi hatua moja nyuma.

Misuli kuuma kesho yake ni kawaida. Maumivu makali ya goti au nyonga, kifua kubana, pumzi kukatika au kisunzi si kawaida: keti, na usiendelee siku hiyo. Kifua kikibana, hospitali.

## Mtu akianguka

Asiinuliwe mara moja. Alale, apumue, mwulize panapouma. Mguu ukionekana mfupi kuliko mwenzake na unyayo umegeukia nje, nyonga huenda imevunjika: usimkalishe, usimsimamishe, mfunike kikoi, itisha machela. Akigonga kichwa naye anameza dawa za kuzuia damu kuganda, apelekwe hospitali hata kama anasema hajambo. Kama hakuna hayo, mwachie ageuke ubavu na afuate hatua ya 7 mwenyewe. Wewe mletee kiti, ukishike kisisogee.